Msimamo Usioteteeka

4 Februari

Baba mkubwa,

Shikamoo wewe, na mama mkubwa naye umfikishie shikamoo yake. Huku tu wazima, ukimwacha baba, ambaye ana mafua na anaugua kana kwamba yeye ndiye wa kwanza duniani kuyapata. Mama alimwekea kengele kando ya kitanda ili aite akihitaji kitu. Siku ya pili akaificha. Baba anasema alikupigia simu mara tatu wiki iliyopita, na kila mara ulimjibu "sawasawa, sawasawa" ukakata. Alikuwa anakuuliza bibi alifariki akiwa na umri gani. Anataka kujua ni sawasawa ngapi.

Mimi nimetimiza mwezi wa nne wa ukalimani. Nafasi yangu mahakamani ni kistuli kati ya kizimba cha shahidi na meza ya karani, na kina mguu mmoja mfupi, kwa hiyo shahidi akisema jambo zito nami nikageuka upesi, nusura nianguke naye. Feni ya dari inazunguka siku za baridi tu. Karani mkuu amesikia habari zako kwa watu waliofanya kazi nawe ulipokuwa mkalimani. Siku ya kwanza aliniuliza kama na mimi nitaanza kila sentensi na "yaani". Kumbe jina la Bwana Yaani limesafiri mbali kuliko wewe mwenyewe.

Nakuandikia kwa sababu ya neno moja. Jumanne iliyopita wakili, katika lugha yao ya vitabu vya sheria, alimwambia mdaiwa kwamba msimamo wake ni wa aina ile ambayo hakuna namna ya kuutetea. Kwao ni neno moja tu, fupi, analitamka mtu huku akifunga kalamu. Nililitafuta kichwani sikulipata, na hakimu alikuwa ananitazama juu ya miwani. Nikasema, "Wakili anasema msimamo wako hauna utetezi." Mtu mmoja kwenye mabenchi ya nyuma akacheka. Mdaiwa akajibu, kesi ikaendelea.

Wewe ungelisemaje? Nauliza kwa udadisi tu.

Mwanao,
Chiriku


19 Februari

Kwako Chiriku, ndege wetu wa maneno,

Marahaba, marahaba. Sisi hatujambo. Mama yako mkubwa amepaka rangi mlango wa mbele, kijani, bila kuniuliza. Anadai aliniuliza mara mbili na nikakubali mara zote mbili. Mimi na kinyozi wangu hatuelewani siku hizi. Aliniambia mtoto wake amefaulu mtihani, nikampa mkono wa hongera mbele ya wateja wote, nikamwambia damu haidanganyi, mtoto amemfuata baba. Kumbe alisema amefeli. Tangu siku hiyo ananinyoa kimyakimya, na wembe wake nauona umekuwa na maoni. Watu wa leo hawasemi, wanamung'unya. Na mwambie baba yako simu zake zina mluzi. Akiwa na jambo aandike, kama wewe.

Haya, tuje kwenye neno. Umekosea, lakini umekosea kwa adabu. Ukimwambia mtu msimamo wake hauna utetezi, ni kama kumwambia nyumba yake haina mlango. Atasema basi, nitatafuta seremala. Neno la wakili linasema nyumba haina hata ukuta wa kuutia huo mlango.

Kiswahili kimeligawa jambo hili vizuri kuliko wao. Tazama chakula. Chakula hakiliwi: yaani wapo watu, wapo vijiko, ila hawakili. Chakula hakiliki: yaani hata ufe njaa, hakishuki. Sasa chukua kutetea. Msimamo hautetewi, maana yake hakuna aliyejitokeza kuutetea, labda wote wako msalani. Msimamo hauteteeki, maana yake hata wajitokeze mawakili kumi na makoti yao, utaanguka. Hilo ndilo neno lako: hauteteeki. Kosa si la mtu, ni la kitu chenyewe.

Ila ulitamke kwa uangalifu. Ulimi ukiteleza ukasema hautetereki, umemsifu mtu badala ya kumshinda. Huyo sasa ni shujaa, hayumbi. Herufi moja tu, mtu anatoka mahakamani amebebwa mabegani. Na ukitazama vizuri, kutetea kwenyewe kumetoka kwa kuteta. Anayeteta anakusema, anayetetea anakusemea. Wakati mwingine ni mtu huyohuyo, mchana na jioni.

Watu wa mitaani wangesema "hauna mashiko", na wana haki, ingawa mimi mashiko nayawekea hoja. Hoja unaishika. Msimamo unausimamia. Tena usidhani mwenye msimamo usioteteeka ni lazima awe mwongo. Huenda mahali pake palikuwa pakavu siku aliyosimama. Maji yamekuja baadaye, naye anaona aibu kukunja suruali.

Umeniandikia kurasa mbili, na hukuniambia mdaiwa alijibu nini. Mkalimani haachi jibu nje.

Baba yako mkubwa


6 Machi

Baba mkubwa,

Shikamoo. Baba amepona na amerudi kazini, mama anatembea nyumba nzima akiimba. Kaka ameanza kujifunza kuendesha gari. Mwalimu wake naye, tunavyosikia, ameanza kujifunza kusali.

Nilisoma barua yako kwa sauti mezani. Baba alicheka habari ya kinyozi, halafu akasema: "Kaka yangu hakuwa akikosea neno hata moja." Kisha akaomba chumvi.

Umenikamata kwenye jibu. Nitakuambia lote.

Mdaiwa ni seremala. Ana karakana ya chumba kimoja aliyopanga miaka kumi na tisa, anatengeneza viti na vitanda. Mbele ya karakana kuna varanda ambayo aliijenga mwenyewe, sakafu na bati, kwa ruhusa ya mzee mwenye nyumba. Walikubaliana kwa mdomo kwamba ataitumia muda wote atakapokuwa mpangaji. Mzee alifariki. Mwanawe anataka kuifunga varanda iwe chumba cha duka, na seremala akikataa, basi atoke na karakana yenyewe. Seremala hana wakili. Anajisemea.

Niliposema "msimamo wako hauna utetezi", alinitazama, akasema, taratibu, "Basi kama sina utetezi, sina la kusema." Nikatafsiri hivyohivyo. Hakimu akaandika kwamba mdaiwa hana la kusema, akafunga upande wake, akapanga siku ya hukumu: tarehe 28 Aprili. Seremala akashuka kizimbani na faili lake la plastiki, hajalifungua.

Wiki mbili baadaye nilimkuta penye bomba la maji nyuma ya mahakama, ananawa uso. Akaniamkia kwa heshima, mimi mtoto wa juzi. Akauliza, "Samahani mama, ile sheria ya kwamba asiye na wakili hana utetezi, imepitishwa lini? Nisingekuja na shahidi. Nimemfungisha duka lake bure."

Baba mkubwa, nilisimama pale na kikombe mkononi, maji yakafurika mpaka viatuni.

Nilimwambia karani mkuu. Ni mtu mwema, ananiletea maandazi. Akasema kumbukumbu ikishaandikwa imeandikwa, hakimu hapendi kurudishwa nyuma, na muda wangu wa majaribio unakwisha mwisho wa Aprili. Akasema, "Hata hivyo wakili ana haki, hana karatasi yule." Labda. Lakini hakusikilizwa.

Wewe ungefanyaje? Miaka ishirini na sita kwenye kistuli kama changu, halikukutokea jambo kama hili?

Chiriku


2 Aprili

Kwako Chiriku,

Marahaba. Tumshukuru Mungu, tu wazima. Barua imechelewa kwa sababu ya mambo mengi. Dirisha la jikoni lilikuwa halifungi, nikalitengeneza, sasa halifunguki. Mpangaji wa nyumba ya pili amenunua redio isiyo na sauti. Nimekaa naye barazani jioni nzima tukiitazama.

Umeuliza pia, katika barua nyingine ya siku nyingi, tofauti ya kukana na kukanusha. Mtu anakana kosa lake, anakanusha habari zake. Ukikana unajitoa wewe. Ukikanusha unaitoa ile habari. Ni tofauti ndogo ila ina faida.

Kuhusu lile jambo la seremala, karani mkuu ni mtu wa siku nyingi. Usikimbilie. Hakimu ana macho yake na sheria ina mlango wa rufaa. Mkalimani mchanga akianza kwa kujisuta, watu hawamwamini tena.

Wasalimie wote.

Baba yako mkubwa

*Mwanangu, ni mimi mama yako mkubwa, naandika hapa chini kwa sababu mimi ndiye ninayebandika stempu. Barua yako ilikaa mfukoni mwa koti lake siku kumi na tisa. Anaitoa, anaisoma, anairudisha. Redio ya jirani ina sauti. Mtaa mzima tunaisikia. Sikio lake la kushoto limekufa, la kulia linasikia linachotaka, na ole wako umwambie. Muulize kwa nini aliacha kazi. Mimi niliapa sitalisema. Sikuapa kwamba sitakutuma uliulize. Rangi ya mlango nilimuuliza mara tatu.*


10 Aprili

Baba mkubwa,

Shikamoo. Nyumbani wote wazima, salamu zao ziko hapa zote kwa pamoja, nitafanya haraka.

Umenifundisha mwenyewe kwamba mkalimani haachi jibu nje. Nilikuuliza mambo mawili, ukanijibu la dirisha.

Baba anasema uliacha kazi kwa sababu uligombana na hakimu mpya. Binamu zangu wanasema ulichoka. Wewe hujawahi kusema. Ulikuwa umebakiza miaka minne kustaafu. Kwa nini uliondoka?

Sina hasira nawe. Nina siku kumi na nane.

Chiriku


16 Aprili

Mwanangu,

Mama yako mkubwa ameketi mkabala nami, ananitazama niandike. Nimemwambia aende akapike. Amesema amekwisha kupika.

Sikugombana na hakimu. Hakimu alikuwa kijana mstaarabu kabisa. Nilizusha habari ile mwenyewe, na kila mwaka nikaiongezea kidogo, mpaka nikaanza kumchukia yule kijana kwa maneno ambayo hakuyasema.

Ilikuwa kesi ya wizi wa magunia ghalani. Mshtakiwa alikuwa mpakiaji wa pale ghalani, mtu mwenye mabega mapana na mdomo mzito. Shahidi alikuwa mama mmoja mfagiaji, mwenye sauti kama ya mtu anayeongea ndani ya blanketi. Akaulizwa kama alimwona mshtakiwa akiingia stoo siku ile. Nikasikia: "Nikamwona akiingia." Nikatafsiri: alimwona. Hakimu akaandika, dhamana ikakataliwa, mpakiaji akarudishwa rumande.

Mama yako mkubwa alikuwepo. Alikuwa ameniletea miwani niliyoisahau nyumbani, akakaa benchi la nyuma kunisubiri. Tukiwa njiani kurudi akaniambia: "Yule mama alisema sikumwona."

Nikamwambia hapana, amesema nikamwona. Akasema sikumwona. Nikamwambia yeye si mkalimani. Akasema hahitaji kuwa mkalimani, ana masikio.

Tulibishana siku kumi, Chiriku. Nilikuwa na hoja nzuri sana. Nilisema mabenchi ya nyuma yana mwangwi. Nilisema shahidi angekuwa hakumwona asingeitwa. Nilisema miaka ishirini na sita. Siku ya nne niliacha kula mezani pamoja naye. Siku ya saba nilitamka jambo juu ya ndugu zake ambalo silirudii hapa. Nawe unajua kuwa, katika maneno ya watu, sauti ya "s" ndiyo ilikuwa ya kwanza kunitoka masikioni? Ndege walikuwa wamenyamaza muda mrefu kabla, nikafikiri wamehama. Nilijua. Ndani kabisa nilijua, na ndiyo maana nilibisha kwa nguvu ile. Mtu asiye na shaka habishani siku kumi na mkewe.

Asubuhi ya kumi na moja alinitilia chai, akaniuliza swali moja tu, bila ukali: "Na yule mpakiaji leo amelala wapi?"

Nikaenda kwa hakimu kabla ya kikao. Wakamwita yule mama mfagiaji, karani akamkalisha karibu, akasema tena: sikumwona. Mpakiaji akaachiwa mchana uleule. Hakimu alinipa mkono, akasema makosa hutokea, rudi kazini. Sikurudi. Niliandika barua ya kuacha kazi palepale koridoni, nimeegemea ukuta.

Nilikwambia subiri. Sikuwa ninakushauri wewe. Nilikuwa bado ninajitetea mimi, miaka tisa baadaye, na kwa kutumia seremala wa watu. Ule ndio msimamo usioteteeka, na nimeukalia kama kiti changu mwenyewe.

Nenda kwa hakimu. Hata kama barua hii itachelewa, nenda.

Baba yako mkubwa


3 Mei

Baba mkubwa mpenzi,

Shikamoo. Nimekaa kitandani na barua yako, nimeisoma mara nne, na mama ameniuliza mara nne kama kuna msiba. Nimemwambia hakuna, kuna mtu amefunguka.

Kwanza nikutoe wasiwasi: ilifika siku mbili baada ya mimi kugonga mlango wa hakimu. Usihuzunike. Nilikwenda kwa sababu ya barua yako ya Februari, ile ya nyumba isiyo na ukuta. Kila nilipomwona seremala akipita na faili lake nilikuwa nikisikia kwamba sikumwambia hana ukuta, nilimwambia hana ruhusa ya kuuonyesha.

Hakimu alikuwa anakula karanga. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Akauliza neno lenyewe lilikuwa lipi, akauliza nilisema nini, akafungua faili akasoma. Kisha akaacha karanga. Akasema, "Kwa hiyo huyu bwana amekaa karibu miezi mitatu akidhani mahakama yangu imemfunga mdomo." Hakunikaripia. Afadhali angenikaripia. Akaagiza tarehe 28 isiwe ya hukumu, iwe ya kumsikiliza.

Siku hiyo wakili alirudia lile neno lake, na nadhani alifurahi kulirudia. Nikasimama na kusema polepole, kama ulivyonionya: "Wakili anasema msimamo wako hauteteeki."

Seremala akavuta pumzi, uso ukamng'aa. Akamwinamia wakili. "Ahsante sana, ndugu. Ni kweli, mimi sitetereki."

Baba mkubwa, mahakama nzima ilicheka, na safari hii nilijua wanacheka nini. Hakimu alijifunika uso kwa faili. Nikaomba ruhusa ya kueleza upya, nikapewa. Nikamwambia seremala hivi: "Mzee, wakili anasema kwamba hilo unalolishikilia, hata ukipewa muda wote wa kulisemea, halisimami. Sasa mahakama inakupa huo muda. Ni zamu yako kumjibu."

"Kumbe naruhusiwa?" akauliza.

"Unaruhusiwa."

Akafungua faili la plastiki. Ndani mlikuwa na picha moja: varanda ikiwa nusu, yeye juu ya ngazi, na marehemu mwenye nyumba chini ameishika ngazi isianguke. Halafu akamwita shahidi wake, mshonaji wa duka la pili, ambaye alisimama na futi ya nguo shingoni na kusema alikuwepo siku wazee hao wawili walipokubaliana, kwa maana walikubaliana mbele ya cherehani yake na kumkatisha kazi. Mwana wa mwenye nyumba aliiomba ile picha, akaitazama sana. Nilimsikia akimwambia wakili wake kwamba hajapata kumwona baba yake amevaa kaptula.

Hukumu imeshasomwa. Seremala anabaki, varanda ni yake kuitumia, ila mbao zisizibe njia ya mshonaji. Mshonaji aliongoza makofi. Mimi nimeongezewa miezi mitatu ya majaribio, "kwa ajili ya kuimarisha msamiati", kama barua inavyosema. Karani mkuu amenipa andazi la pole na jingine la hongera.

Sasa mimi nina swali, na utalijibu. Barua yako imemtaja hakimu, mama mkubwa, mfagiaji na chai. Mpakiaji umemwacha langoni mwa rumande, hukumtaja tena. Ulimwomba radhi?

Chiriku


11 Juni

Kwako Chiriku,

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa miezi mitatu. Miezi mitatu ya kuimarisha msamiati, mimi nilihitaji miaka tisa. Mama yako mkubwa alisoma habari ya "sitetereki" akalazimika kukaa chini. Anaitumia sasa kila nikikataa kitu.

Tulikwenda hospitali. Daktari wa masikio ni binti mdogo kama wewe, alinivika kitu kama vifuniko vya sufuria masikioni akaniambia niinue mkono nikisikia mlio. Nilikaa nikisubiri aanze. Kumbe alikuwa amekwisha kumaliza. Nikapewa kifaa cha sikio la kulia, kidogo kama punje ya hindi, kinanikera na kinawasha. Siku ya kwanza nilitoka nacho nje nikamwuliza mama yako mkubwa ni nani anayekaanga kitu. Akasema hakuna, hayo ni majani. Pia amegundua kwamba sasa namsikia akinisema jikoni, kwa hiyo mazungumzo yake yamepungua utamu. Kwa kinyozi nimekwenda kuomba radhi. Kanipa bei ya zamani.

Ndiyo, umenikamata tena. Sikumwomba radhi mpakiaji. Nilijiambia hakimu amemwachia, basi imekwisha. Nilijiambia hata sijui anakaa wapi. Nilikuwa najua. Ana mashine ya kusaga nafaka, mtaa wa tatu kutoka sokoni, na kwa miaka tisa nimekuwa nikimtuma mama yako mkubwa kusaga kwingine, nikisema unga wa pale una mchanga.

Jumamosi nilikwenda. Sikupanga maneno. Kazi ile imenifundisha kwamba maneno yaliyopangwa yanatoka yamekunjamana. Palikuwa na foleni ya watu kama kumi na tano, ndoo na mifuko imepangwa ukutani, na mashine inanguruma mpaka sakafu inatetemeka. Yeye alikuwa mweupe kwa unga kuanzia kofia mpaka viatu, amenenepa, mabega yaleyale. Alinitambua. Niliona alivyosita mkono ukiwa juu ya mfuko wa mtu.

Nikamkaribia. Nikasema kwamba mimi ndiye niliyekuwa mkalimani, kwamba shahidi alisema hakumwona, na mimi nikasema alimwona, na kwa kosa langu yeye alilala rumande siku kumi na moja. Nikasema nilijua kabla ya kusema. Nikasema naomba radhi.

Akashika sikio kwa kiganja. "Sema kwa nguvu, mzee. Mashine."

Nikarudia, kwa sauti. Watu wa mbele wakageuka. Akatikisa kichwa, akaonyesha sikio tena, kwamba mashine hizi zimemmaliza. Nikafikiri, Mungu wangu, na huyu pia. Basi nikavuta pumzi, nikasimama wima kama nilivyokuwa nikisimama mbele ya hakimu, na kwa sauti ambayo sijaitoa tangu niache kazi nikasema lote tangu mwanzo, neno kwa neno: kwamba hakuiba, kwamba hakuna aliyemwona, kwamba kosa lilikuwa langu. Nadhani walinisikia sokoni. Mama mmoja mwenye ndoo ya bluu akasema, "Kumbe hakuiba." Mwingine akasema yeye siku zote alikuwa na shaka na habari ile. Foleni nzima ikamtazama huyo aliyesema hivyo.

Akainama, akazima mashine. Kimya kilichofuata kiliniumiza sikio.

Akajipangusa mikono kwenye suruali, akanipa mkono. Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu mwenye masikio mazima:

"Nilikusikia mara ya kwanza, mzee. Nilitaka na hawa wasikie."

Baba yako mkubwa